Miezi Sitini

Fomu ina kurasa ishirini na saba.
Nimeitandaza mezani, kando ya kikombe cha mama
kilichoganda kahawa ya jana.
Nje, Duluth imezama thelujini hadi madirisha ya chini,
na ziwa lililoganda linalia usiku
kama sakafu ya nyumba kuukuu.

Jina la mwombaji: Toivo Lahti.
Hilo nalijua.
Swali la tisa: mwombaji ana kiasi gani?
Hapo ndipo tunaanza kuhesabu kinyumenyume,
maana msaada huu hapewi aliyechoka,
hupewa aliyeishiwa.

"Ateremke hadi elfu tatu," alisema Bi Granlund wa ofisi ya kaunti,
kwa upole wa muuguzi anayetafuta mshipa.
"Mama abaki na nyumba. Gari moja. Pete.
Na jeneza, kama limelipiwa mapema."
Tukalilipia. Mama alichagua la msonobari,
akauliza kama kuna punguzo kwa majeneza mawili.

Mali bila daftari, wanasema, hupotea bila habari.
Yetu inapotea daftari likiwa wazi,
na habari tunazo, kwa tarehe na muhuri.

Miezi sitini nyuma, wanataka kujua
kila senti ililala wapi.
Baba, uliyepakia chuma melini miaka thelathini na moja
bila kuuliza meli inaelekea wapi,
leo unaulizwa wewe.

Kuna mia mbili za ubatizo wa mtoto wa Kirsten.
Bi Granlund aliziandika.
Kuna mchango wa paa la kanisa. Akaandika.
Kisha hundi namba 2217, dola mia sita,
kwa Verner Saari.
"Huyu ni nani?"
Mama hamjui. Mimi simjui.
Nilikwenda kituoni kumuuliza baba.
Alinyonya kijiko cha uji,
akaniita kwa jina la dada yake marehemu,
akasema, "Mwambie asiiache kwenye baridi."

Nikaendesha gari hadi Two Harbors.
Verner alifungua mlango na soksi za rangi mbili,
akacheka mpaka akakohoa.
"Kodiani ile! Aliniuzia themanini na mbili,
bandari ilipowapunguza. Nadhani mtoto alitaka viatu.
Juzi juzi akaja kuikomboa. Nikamwambia, chukua tu, bwana.
Akakataa. Akadai risiti."

Risiti! Nilitaka kumbusu mzee huyu.
Zawadi ingetuchelewesha; manunuzi hayana adhabu.

Viatu navikumbuka. Vya kahawia, vya bizimu.
Vilinibana, nikanung'unika wiki nzima,
na baba akanisikiliza
bila kusema kitu.

Niliikuta kwenye sauna,
isiyowashwa tangu vidole vyake visahau kiberiti,
imeviringishwa blanketi la jeshi.
Nyekundu. Vitufe viwili vimezama.
Nikaivuta.
Haikuimba, ilishusha pumzi tu,
ndefu, yenye vumbi.

Ukurasa wa kumi na nne, mali nyinginezo:
kodiani moja, vitufe viwili havilii.
Thamani: mia sita.
Bi Granlund alisema haikuwa lazima kuiandika.
Nikamwambia iache.

Barua ilifika Machi. *Amestahiki.*
Mama aliisoma na miwani, kisha bila miwani.
"Miaka sitini ya ndoa," akasema,
"na hatimaye tumefaulu kufilisika."
Nikacheka, yeye hakucheka.
Siku moja, sisi sote tukishatoka, kaunti itarudi kuidai nyumba;
hilo nalo limo, ukurasa wa ishirini na sita,
kwa herufi za kuumiza macho.

Jumapili tunaipeleka kituoni.
Hatujui kama ataitambua.
Mama ametoa blanketi la pili kabatini,
lile la kitandani kwao,
anasema la jeshi peke yake
halitoshi kwa baridi hii.